Sikurogwa, Nilikunywa

Ushuhuda wa mlevi kwetu una mtindo wake. Mtu husimama mbele ya kanisa, akasema shetani alimfunga na Bwana akamfungua, watu wakaitikia amina, akakaa. Nimewahi kutoa ushuhuda wa namna hiyo, na kabla ya Sabato nyingine nilikuwa nimelewa. Huu ni wa namna tofauti. Mimi ni fundi cherehani hapa Keroka, na nataka kueleza jinsi bibi kizee mmoja wa kijiji chetu alivyonusurika kuuawa kwa sababu ya glasi nilizokunywa mimi.

Anayeijua Keroka anajua kwamba mji wetu una mabwana wawili. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita humu humu, na tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, pande hizo zimekuwa zikizozana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Wafanyabiashara wakilalamika, sisi wanywaji hatukuwa na neno. Chifu wa huku akifanya msako, tulivuka tukawa wageni wa chifu wa kule, tukaagiza nyingine. Siku ya soko, malori yakipakia ndizi za Nairobi, pesa huzunguka mikononi. Oktoba, bonasi ya majani chai ikilipwa, huzunguka zaidi. Mke amechuma majani mwaka mzima, lakini akaunti ina jina la mume. Fundi cherehani huyajua hayo kabla ya chifu, kwa maana mama aliyeahidi kuleta kitambaa cha gauni baada ya bonasi haonekani tena.

Baba yangu alikunywa, na babu naye alikunywa, ingawa si kwa namna moja. Wazee wa Kigusii wa zamani walikunywa pombe ya wimbi kwa mirija, wameketi kuzunguka chungu kimoja, na kijana hakuthubutu kusogea. Watu wa rika langu hupenda kuwataja wazee hao wanapotaka kuhalalisha ulevi wao. Mimi sikubali. Kwa mama pima, mwanamke auzaye chang'aa nyumbani kwake, hapana chungu wala mzee wa kukuambia sasa basi. Pana jerikeni, glasi na mkono wako.

Sheria ya pombe ya 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliruhusu chang'aa iuzwe kwa masharti: ipikwe kwa viwango, itiwe kwenye chupa yenye maandishi, muuzaji awe na leseni. Mabaa nayo yakapangiwa saa, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mama pima hana chupa wala saa. Alfajiri mlango wake uko nusu wazi, na anayetaka kutoa loki, yaani kutuliza mwili baada ya pombe ya jana, anaijua njia hata gizani. Niliijua.

Mikono ndiyo iliyonisaliti kwanza. Fundi hutunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja kuhusu mvua. Mimi ilifika mahali nikawa nalamba ncha ya uzi, naielekeza kwenye tundu, inapita kando. Naikata upya kwa meno, naisokota, narudia. Ncha inachakaa, inafanya nyuzinyuzi, na mteja yuko kwenye benchi ananitazama. Nikasingizia mwanga hafifu. Kisha nikamwambia nakimbia kununua vifungo. Niliporudi, nikinuka, uzi uliingia mara moja, na mishono ya asubuhi ile ilinyooka kama kawaida. Kwa hiyo nikaamini kwamba chang'aa ni dawa ya mikono yangu. Ilikuwa dawa kweli, ila ya maradhi iliyoyaleta yenyewe.

Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, na kuwaacha wengine vipofu, sisi tulisikiliza habari hizo kupitia Egesa FM tukiwa na glasi mkononi. Tulitikisa vichwa, tukawahurumia marehemu, tukakubaliana kwamba ya kwetu ni safi kwa kuwa tunamjua anayeipika. Machi 2020 korona ilifunga mabaa, yakabaki yamefungwa hadi mwishoni mwa Septemba, na mama pima akafanya biashara ambayo hajawahi kuifanya. Shule nazo zilifungwa, hakuna aliyeshona sare, nami nikapata sababu mpya ya kunywa. Kabla yake sababu ilikuwa mtumba uliowaharibia mafundi soko. Kabla ya mtumba, ilikuwa marehemu baba. Nilikuwa na visingizio vingi kuliko vifungo kwenye kopo langu.

Kalenda ya shule ilipovurugika, Kidato cha Kwanza waliingia Agosti 2021. Wazazi wakamiminika. Wengine walileta kitambaa, wengine waliniachia pesa ya kitambaa. Mama mmoja muuza mboga aliniletea kitambaa cha sketi mbili za binti yake, kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekinunua kwa pesa za chama, zamu yake ilipofika. Nilikipima, nikakipiga chaki, sikukikata. Jioni ile nilikiweka rehani kwa mama pima, nikijiambia kesho nitakikomboa. Binti aliripoti shuleni na sketi ya kuazima, kubwa kiunoni, imekazwa kwa pini mbili. Najua zilikuwa mbili kwa sababu mama yake alimleta mpaka dukani kwangu, akamgeuza, akanionyesha. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, mwangalie vizuri." Nilimwangalia, nikatafuta la kusema kuhusu bei ya uzi.

Oktoba mwaka huo huo, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na kundi la watu na miili yao kuchomwa, kwa kushukiwa uchawi. Kenya nzima ilishtuka kwa wiki moja. Hapa kwetu watu walishtuka kwa sauti ya chini, maana kila ukoo una nyumba moja ambayo watoto huambiwa wasipite karibu nayo jioni. Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, Mei 2008, wazee kumi na mmoja waliuawa hivyo hivyo katika wilaya ya Kisii. Mambo hayo si ngano kwetu.

Mwanzoni mwa 2022 niliamua kuacha pombe. Mchungaji aliniombea Alhamisi jioni, niliweka nadhiri, na kweli sikuonja tena. Ijumaa nililoa jasho na kutetemeka mwili mzima, si mikono tu. Usiku sikulala. Jumamosi asubuhi, shule ya Sabato ikiendelea, nilianguka kati ya viti nikajipigapiga, povu mdomoni, ulimi nimeuuma. Mimi sikumbuki, nilisimuliwa. Waumini walionishika walisema jambo moja na lile lile: mtu aliyekuwa akinywa kila siku hakuanguka, ameanguka alipomgeukia Mungu, kwa hiyo kuna mkono wa mtu.

Nilipelekwa Kisii, hospitali ya rufaa. Daktari kijana, ambaye Ekegusii chake ni cha huko Bomachoge, alimuuliza mke wangu maswali machache tu: alikuwa anakunywa kiasi gani, saa ngapi asubuhi, ameacha lini. Baadaye akanieleza mwenyewe. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku hujisukuma zaidi ili ubaki macho. Pombe ikiondolewa ghafla, ule msukumo unabaki bila kizuizi. Kwanza mitetemeko na jasho, halafu, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, kifafa. Wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na wasipotibiwa huweza kufa. Walinipa diazepamu wakawa wanaipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mlevi hali chakula cha maana na ubongo wake huumia kwa kuikosa. Akaniambia, bila kunionea haya, kwamba nadhiri yangu ilikuwa njema ila ingeniua.

Nilirudi nyumbani nikakuta kikao kinaandaliwa.

Kaka zangu walikuwa wamechanga pesa kwa M-Pesa ili waende kwa omoragori, mpiga ramli, awatajie aliyenifunga. Kusema kweli hawakuhitaji kutajiwa. Jina lilikuwa limeshazunguka. Ni mjane wa mdogo wake babu, sisi wote tunamwita nyanya, anaishi peke yake chini ya shamba letu la chai. Ushahidi dhidi yake ulikuwa huu: amezika watoto wake wengi na yeye angali hai, haendi kanisani, na wiki niliyoanguka alikuja kwetu kuomba chumvi. Baba mdogo aliyeeleza hayo alikuwa na mwezi mzima hajamsalimia. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wamesimama mlangoni, hawakualikwa, hawaketi. Niliwajua. Nilikuwa nimewanunulia chang'aa mara nyingi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo pamoja nami. Maelezo ya uchawi yalinifaa. Yalikuwa yanafuta kila kitu: kitambaa cha yule binti, ndama wa mama niliyemuuza kwa siri, karo, mkopo wa simu wa Fuliza usiolipika, usiku niliomkimbiza mke wangu na watoto wakalala kwa jirani. Mtu aliyerogwa hadaiwi. Watu humletea maziwa. Ningenyamaza tu, bila kusema uongo hata mmoja, na ningekuwa huru. Gharama ingelipwa na mwingine, chini ya shamba la chai.

Nikasema, "Baba mdogo, hakuna aliyeniroga. Nilikuwa nakunywa tangu alfajiri, nikaacha ghafla, nikaanguka. Daktari amenieleza."

Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa: "Mwanangu, aliyerogwa atajuaje kwamba amerogwa?"

Swali hilo halina jibu. Nimelifikiria mpaka leo. Ukikubali umerogwa, umerogwa. Ukikataa, huo ndio uchawi wenyewe unaosema. Kwa hiyo sikubishana tena juu ya uchawi. Nilianza kutaja. Glasi ya kwanza ilikuwa wapi, pamoja na nani. Pesa ilikuwa ya sare ya mtoto wa nani. Ndama aliuzwa wapi na kwa bei gani. Nilitaja siku niliyotoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Niliwataja na wale vijana wawili wa mlangoni, kwamba walikunywa pamoja nami pesa ya sketi. Mama alisimama katikati ya maneno yangu akaenda jikoni kukoroga uji ambao hakuna aliyeuomba. Mzee wa kijiji, aliyekuwa kimya muda wote, ndipo akakumbusha kwamba Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, inaweza kumfunga hata anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi ovyo. Alikuwa ameijua sheria hiyo tangu mwanzo wa kikao, nadhani. Alingoja kuona upepo unaelekea wapi.

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Baba mdogo aliondoka amekasirika na hajanisamehe sawasawa. Niliwaomba kaka zangu ile pesa waliyochanga nilipie madeni. Kaka mkubwa akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima, akasema pesa ya mganga si pesa ya madeni. Ikarudi kwenye simu ya kila mmoja.

Daktari alisema mimi ni mgonjwa. Namwamini. Uraibu wa pombe ni ugonjwa. Madaktari wa Marekani walitamka hivyo rasmi mwaka 1956, na wachunguzi wa leo wanasema karibu nusu ya hatari ya kuwa mraibu hurithiwa katika damu. Nikimkumbuka baba, sioni la kubisha. NACADA nayo, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, katika uchunguzi wake wa 2022 ilikuta kwamba Mkenya mmoja kati ya ishirini wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ameshikwa na uraibu wa pombe, yaani zaidi ya watu milioni moja. Kama wote hao wamerogwa, wachawi wa nchi hii hawalali.

Lakini nimeona jinsi hata neno ugonjwa linavyoweza kugeuzwa kuwa kichaka cha kujifichia. Kuna mwenzangu wa kilabu aliyetibiwa kwa pesa za harambee, akarudi akisema yeye ni mgonjwa, asisumbuliwe na wanaomdai. Mwenye kisukari hakuuomba ugonjwa wake, lakini hakuna mwingine awezaye kuikataa soda ya nne kwa niaba yake. Diazepamu ilinizuia kifafa. Haikurudisha kitambaa. Wala simwachi mama pima bila lawama: anayetia methanoli kwenye jerikeni ni muuaji, na wale wa Kangai, Kirinyaga, walikufa kwa pombe yenye sumu Februari 2024, miaka kumi baada ya Embu, kana kwamba hatukujifunza lolote. Ila huyu wa kwetu ni mjane anayelipa karo kwa chang'aa, na katika miaka yote ile hakuwahi kunifuata dukani. Mimi ndiye niliyekwenda.

Nilinunua daftari la shule, lile la mistari. Nikaandika majina ya wote niliokula mali yao, kiasi, na kitu chenyewe: suruali ya kaki, sketi, sweta, kushusha pindo. Baadhi ya majina nilikumbushwa na mke wangu, ambaye alikuwa akiyahifadhi kichwani tangu zamani. Baadaye sana nilisoma kuhusu Alcoholics Anonymous, chama cha waraibu kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, nikakuta kwamba miongoni mwa hatua zao kumi na mbili, ya nane ni kuorodhesha watu uliowadhuru na ya tisa ni kwenda kulipa panapowezekana. Ningejua mapema ningejiona mtu wa mpango. Wakati ule nilikuwa fundi mwenye madeni.

Kulipa ni kazi ya kuchosha, haina utukufu wa ushuhuda wa kanisani. Mzazi mmoja alinifukuza akaniambia nibaki na pesa yangu. Mwingine alidai amenipa zaidi ya nilichoandika. Nililipa alichosema, kwa sababu daftari lililoandikwa kwa kumbukumbu za mlevi si la kubishania. Kwa muuza mboga nilienda na kitambaa kipya. Sketi zile hazikuhitajika tena, binti alikwishashonewa kwingine, kwa hiyo nilimshonea sare za mdogo wake zamu yake ilipofika, na nilizipima mara mbili. Alilipa vifungo mwenyewe. Hakutaka kudaiwa nami hata shilingi.

Desemba 2022 nililewa tena. Ni msimu wa tohara, kila boma lina wali na ngoma, na mtu akaniambia mila ni mila. Glasi niliipokea kwa mkono wangu wa kulia. Tofauti ilikuwa moja: asubuhi yake sikuacha kimya kimya wala sikutafuta nyingine ya kutoa loki. Nilimwambia mke wangu, nikapanda matatu kwenda Kisii kwenye kliniki, nikaandikwa upya. Siku hizi msimu wa tohara hunikuta nikishona mpaka usiku, na mlango wa duka nimeufunga kwa ndani. Mapadri, wachungaji na machifu huhubiri sana juu ya moyo. Mimi nimegundua kwamba komeo nalo husaidia.

Nyanya yule yu hai. Mwaka uliopita aliniletea gauni lake la kitenge lililopasuka kwapani, akaketi kwenye benchi akitazama jinsi ninavyotunga uzi. Hajawahi kunitajia kikao, nami sijui kama alijua kilichosemwa. Nilimwambia hakuna malipo. Akakataa, akauliza bei, nikaitaja, akasema mafundi wa Keroka ni wezi, tukashindana mpaka akapata punguzo.

Wewe unayekunywa huku ukoo wako ukitafuta mchawi, waambie ukweli leo kabla kikao hakijaitwa, na uwatajie kiasi, mahali na pesa ya nani. Na kama mikono yako hutetemeka asubuhi mpaka upate glasi, usiache peke yako nyumbani kwa nadhiri; nenda hospitali kwanza, uwaambie unakunywa kiasi gani bila kupunguza. Ukikosa pa kuanzia, namba ya NACADA ni 1192, na kupiga ni bure.